Tuyaokoe Matunda Yetu Bila ya Kuyatia Sumu

Kila unapowadia msimu wa maembe, masoko yetu ya Unguja na Pemba hujaa neema. Lakini pamoja na neema hiyo huja hasara ambayo tumeizoea mno, hata tukakaribia kuiona kuwa ni sehemu ya maumbile. Embe lililonona na kupendeza kwa nje, likipasuliwa, hukutwa limejaa funza. Mnunuzi hulitupa, mchuuzi hupoteza mteja, na mkulima aliyeutunza mwembe wake mwaka mzima hupunguziwa bei kwa kosa asilolijua. Hili si jambo la mtu mmoja, bali ni jambo la uchumi wa visiwa vyetu na la afya ya wananchi wake. Kwa sababu hiyo hatuna budi kulitolea maoni.

Adui tunayemzungumzia ni nzi wa matunda. Wako nzi wa aina nyingi, na baadhi yao ni wenyeji wa bara hili. Lakini aliyezidi wote kwa uharibifu katika miaka ya karibuni ni mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003. Wataalamu walimpa jina la *Bactrocera invadens* mwaka 2005, na ilipofika mwaka 2015 wakathibitisha kuwa si mwingine bali ni yule yule *Bactrocera dorsalis* aliyekwisha kuzisumbua nchi za Asia na visiwa vya Pasifiki kwa miaka mingi. Tangu alipoingia ameenea sehemu kubwa ya Afrika, na visiwa vyetu hakuvisaza. Hushambulia maembe, mapera, mapapai, machungwa na matunda mengine mengi, na jike mmoja katika maisha yake huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja.

Ni muhimu wananchi waelewe namna nzi huyu anavyofanya kazi, maana bila ya kuielewa hatutajua pa kumpigia. Jike hulitoboa ganda la tunda lingali mtini, akaweka mayai chini yake, kisha akaruka kwenda zake. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na funza hula nyama ya tunda kwa muda wa wiki moja au zaidi. Wakishashiba hutoka, wakajizika ardhini, na huko hugeuka kuwa nzi wapya. Kwa hiyo tunda linapofika sokoni, nzi mwenyewe hayupo. Waliopo ni mayai na funza, nao wamekwisha kujificha ndani.

Hapo ndipo unapoonekana udhaifu wa sumu. Mchuuzi anayeona mzigo wake ukiharibika huweza kushawishika kuyapulizia dawa matunda yaliyokwisha kuchumwa. Atakuwa amefanya makosa mawili kwa mpigo mmoja. Kwanza, dawa inayobaki juu ya ganda haimfikii funza aliyezama katika nyama ya tunda. Pili, tunda hilo halina tena siku za kusubiri mvua na jua viipunguze sumu. Litanunuliwa leo na kuliwa leo, pengine na mtoto anayelimenya kwa meno. Mtu huyo amemwacha adui salama na kumdhuru mnunuzi wake. Mwenendo wa namna hiyo haufai kufumbiwa macho.

Wapo watakaosema kwamba mataifa makubwa nayo yaliyatia matunda sumu kwa miongo mingi. Ni kweli. Matunda yaliyosafirishwa yalifungiwa katika vyumba na kufukizwa kwa gesi iliyopenya hadi ndani. Moja ya gesi hizo, ethilini daibromaidi, ilipigwa marufuku kwa matunda nchini Marekani mwaka 1984 baada ya kudhihirika kwamba inaweza kuleta saratani. Nyingine, methili bromaidi, ilionekana kuliharibu tabaka la hewa linalokinga dunia na mionzi mikali ya jua. Chini ya Mkataba wa Montreal, matumizi yake ya kawaida yalitakiwa yakome katika nchi tajiri ilipofika mwaka 2005, na katika nchi zinazoendelea mwaka 2015, isipokuwa kwa shughuli maalumu za karantini. Kwa hiyo tukiikimbilia sumu leo, tutakuwa tunaingia katika mlango ambao wenzetu wanautokea.

Njia nyingine zipo, nazo si za kubahatisha. Ya kwanza ni joto. Funza na mayai hawastahimili joto ambalo embe lililokomaa linaweza kulistahimili kwa muda. Matunda hutumbukizwa katika tangi la maji moto yanayozunguka, na joto lake hudhibitiwa barabara. Kwa maembe yanayoingia Marekani kutoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, kanuni ni maji ya nyuzi 46.1 za Selsiasi, kwa dakika 65 ikiwa embe ni dogo na jembamba, hadi dakika 110 ikiwa ni kubwa la mviringo. Sababu ya tofauti hiyo ni nyepesi: joto lazima lifike hadi karibu na kokwa, na katika embe kubwa safari hiyo ni ndefu zaidi. Faida nyingine ni kwamba maji moto hupunguza pia maradhi ya ukungu yanayoyatia maembe madoa meusi yanapoiva.

Njia ya pili ni mvuke moto. Hapa matunda hayatiwi majini, bali huwekwa katika chumba kinachopitishwa hewa moto iliyojaa unyevu, mpaka nyama ya ndani ifike kiwango kinachotakiwa. Njia hii ilitumika Florida tangu mwaka 1929, nzi wa Mediterania alipozuka katika mashamba ya machungwa ya jimbo hilo. Nchi ya Ufilipino, ambayo nayo ni ya visiwa, imekuwa ikipeleka maembe yake Japani baada ya kuyapitisha katika mvuke mpaka ndani yafike nyuzi 46 na kuyaweka katika joto hilo kwa dakika 10. Ya tatu ni baridi. Machungwa yanaweza kuwekwa karibu na nyuzi 1 au 2 kwa majuma mawili au zaidi, na funza wakafa njiani ndani ya meli. Lakini embe na papai ni matunda ya nchi za joto. Yakiwekwa kwa muda mrefu chini ya nyuzi 12 au 13 huungua kwa baridi, ganda likasinyaa na yakashindwa kuiva. Dawa ya chungwa si dawa ya embe.

Njia ya nne ni mionzi. Jina lake huwatisha wengi bila ya sababu, kwani tunda lililopitishwa katika mionzi halibaki na mionzi hiyo. Kiwango kidogo kinatosha kumfanya funza asiweze kukua na kuwa nzi. Mwaka 2007 India ilirudi katika soko la maembe la Marekani kwa njia hiyo. Hata hivyo mtambo wake ni wa gharama kubwa na unahitaji mzigo mkubwa wa mwaka mzima ili ujilipe. Kwa hali yetu ya leo, njia hii tuijue, lakini tusianze nayo.

Baada ya kuzitaja njia hizo, tungependa kuwakumbusha wahusika kisa ambacho kina mafunzo makubwa kwa watu wa visiwani. Visiwa vya Hawaii vilikuwa vikiuza mapapai katika bara la Marekani, na mapapai hayo yalifukizwa kwa gesi ile iliyopigwa marufuku mwaka 1984. Gesi ilipoondolewa, walishika njia ya maji moto mara mbili: dakika 30 katika nyuzi 42, kisha dakika 20 katika nyuzi 49. Njia hiyo ilikuwa na sharti moja: papai lichumwe mapema, lingali halijaiva zaidi ya robo, wakati ambapo mayai na funza, kama wapo, wako karibu na ganda. Mwaka 1987 wakaguzi walikuta funza hai ndani ya mapapai yaliyokwisha kupitishwa majini. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya mapapai yalikuwa na kasoro kitovuni, tundu dogo lisilofunga, na kwa tundu hilo nzi aliweza kuyafikisha mayai yake hadi katika uwazi wa ndani, mbali na joto la maji.

Maji ya Hawaii yalikuwa moto kama yalivyotakiwa kuwa. Lililovunjika ni lile sharti, na hakuna aliyelitambua mapema. Watu wa Hawaii hawakurudi kwenye sumu. Walihamia kwenye hewa moto na mvuke mpaka katikati ya papai pafike nyuzi 47.2, na baadaye wakaongeza mionzi: tangu mwaka 1995 matunda yao yalipelekwa kupitishiwa karibu na Chicago, na mwaka 2000 wakawa na mtambo wao wenyewe. Lakini somo kubwa lilikuwa hili: njia isiyo ya sumu si tangi wala tanuri peke yake. Ni mlolongo unaoanzia mtini na kuishia bandarini, na pete moja ikilegea mnyororo wote hukatika.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye hatari kwa visiwa vyetu. Ni rahisi kwa ofisi yoyote kununua mtambo, kuufungua kwa sherehe na kuupiga picha. Ni vigumu zaidi kuwafundisha wachumaji kulitambua embe lililokomaa, kukipima kipimajoto kila asubuhi, na kuukataa mzigo mbovu hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa. Mtambo bila ya mambo hayo ni chuma kitakacholiwa na kutu ya bahari. Tunasema kwa uwazi, basi, kwamba fedha ya mwanzo ya umma isiende kwenye mtambo mkubwa. Iende kwanza shambani, kisha kwenye vituo vidogo vilivyo na vipimo vya kuaminika, na baada ya hapo tu ndiyo tufikirie makubwa.

Kwanza, usafi wa shamba. Kila embe lililooza chini ya mwembe ni kitalu cha nzi wa wiki zijazo. Matunda hayo yaokotwe kila baada ya siku mbili tatu, yafukiwe kwa kina cha nusu mita, au yatiwe katika mifuko myeusi ya plastiki, yafungwe na kuachwa juani mpaka funza wafe. Katika kisiwa cha Réunion, katika bahari hii hii yetu ya Hindi, wakulima wametumia hema maalumu la kutia matunda mabovu. Wavu wake una matundu madogo yanayomzuia nzi asitoke, lakini yanawapisha vinyigu wadogo wanaomshambulia. Hema la namna hiyo fundi wetu yeyote anaweza kulishona.

Pili, tuwatumie walinzi tulionao. Wazee wetu wanawajua vizuri sisimizi wekundu wanaoitwa majimoto, wanaojenga viota kwa kushona majani. Katika miaka ya 1950 watafiti hapa Unguja walionyesha namna sisimizi hao wanavyoilinda minazi na mdudu anayeziangusha nazi changa. Utafiti uliofanywa baadaye huko Benin umeonyesha kwamba huwapunguza pia nzi wa matunda katika miembe. Mchumaji hawapendi kwa kuwa wanauma, na ana haki. Lakini anayewachoma moto ajue kwamba anawafukuza askari asiowalipa mshahara.

Tatu, mchumo wenyewe. Maembe yaanguliwe yakiwa yamekomaa lakini yangali magumu, kwa upembo wenye mfuko, yasianguke chini. Tunda lililopasuka, lililotobolewa au lenye alama ya kuchomwa litengwe pale pale. Tunda changa lisitiwe katika maji moto, kwani litaungua na kusinyaa. Na matunda yakishatoka majini yawekwe katika chumba chenye wavu madirishani, maana nzi hajui kwamba tunda limekwisha kutibiwa, naye atataga upya bila ya kuchelewa.

Nne, vipimo. Kanuni ya dakika 65 hadi 110 iliwekwa kwa nzi wa Amerika na kwa maembe ya huko. Hatuna ruhusa ya kudhani kwamba itafaa vivyo hivyo kwa nzi aliyeko hapa na kwa boribo, dodo na muyuni zetu. Nchi zinazonunua hutaka ushahidi mzito. Kipimo kilichozoeleka tangu mwaka 1939 ni kwamba katika wadudu milioni moja wasisalimike zaidi ya 32. Kazi hiyo ya kupima ni ya watafiti wetu wa Kizimbani wakishirikiana na wenzao wa Bara na wa Kenya, na inastahiki kutengewa fedha kama zinavyotengewa barabara na bandari. Bila ya hayo, hata maji yakichemka mchana kutwa hakuna mnunuzi wa nje atakayetusikiliza.

Na mnunuzi wa nje hana mzaha. Mwaka 2014 Kenya ilijisimamishia yenyewe upelekaji wa maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na haikurejea katika soko hilo mpaka ulipofika mwaka 2021. Tangu Septemba 2019 umoja huo umetaka kila embe linaloingia kwake litoke katika eneo lililothibitishwa kuwa halina nzi, au liwe limepitishwa katika tiba inayokubalika. Jirani yetu ana mashamba makubwa na uzoefu wa miaka mingi kuliko sisi, na bado miaka yote hiyo ilimpita. Anayeona mwenzake ananyolewa na atie maji kichwa chake.

Tunafahamu kwamba yapo maswali. Wengine watauliza: mkulima mwenye miembe mitatu nyuma ya nyumba atalipata wapi tangi la kudhibiti nyuzi joto? Hatumtaki alinunue. Vituo hivyo ni kazi ya vyama vya ushirika na serikali, kimoja Unguja na kimoja Pemba kwa kuanzia, na mkulima alipe ada ndogo kwa kila tenga. Wengine watauliza kuhusu kuni na umeme. Maji ya nyuzi 46 si maji ya kuchemka. Jua letu linaweza kuyafikisha sehemu kubwa ya njia, na umeme ukamalizia. Wengine watasema kwamba maembe mengi huliwa hapa hapa, kwa hiyo masharti ya Ulaya hayatuhusu. Jawabu letu ni kwamba mtu wa Makunduchi na wa Micheweni anastahiki embe lisilo na funza wala sumu kama anavyostahiki mtu wa Ulaya. Kwa soko la nyumbani, usafi wa shamba na mchumo mzuri pekee vitapunguza sehemu kubwa ya hasara, na hivyo havihitaji mkopo wa mtu.

Lipo pia suala la bahari. Bahari ni boma letu, lakini boma huwa na maana pale tu lango linapolindwa. Funza huvushwa ndani ya matenga yanayoteremshwa majahazini na katika meli, kutoka Bara kuja Unguja na kati ya Unguja na Pemba. Mkaguzi wa mimea aliyepo bandarini anahitaji kisu, meza, mwanga na mamlaka. Apewe vyote vinne. Na mfanyabiashara anayezuiliwa mzigo asione kuwa anaonewa, kwani tenga moja bovu linaloingia sokoni leo ni hasara ya shamba zima mwezi ujao.

Isitoshe, visiwa hivi havina haja ya kujidharau mbele ya kazi ya kisayansi inayotaka subira. Mbung'o aliyeisumbua mifugo ya Unguja kwa vizazi aliondolewa kabisa kisiwani. Madume zaidi ya milioni 8 yaliyozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi yaliachiwa kutoka angani kuanzia mwaka 1994, na mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Ushindi ule ulipatikana kwa sababu watu walitega mitego, wakahesabu, wakaandika na wakarudi kuhesabu tena, wiki baada ya wiki. Nzi wa matunda ni adui mgumu zaidi, maana anakula matunda mengi na anarudi kutoka kila upande. Lakini uaminifu ule ule wa kuhesabu na kuandika ndio atakaotaka.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Kilimo itoe mpango ulio wazi kabla ya msimu ujao: nani ataokota na kufukia matunda mabovu katika kila shehia, nani atapima maembe yetu katika maji moto na lini atatoa matokeo, na mkaguzi wa bandari atapewa nini. Tunawaomba masheha, maofisa wa kilimo na walimu wa skuli walifanye jambo hili kuwa la kila nyumba. Na tunawaomba wachuuzi waachane na dawa za kupulizia juu ya matunda yaliyochumwa, kwani fedha inayotumika kununulia sumu hiyo haimuui funza hata mmoja aliyeko ndani.

Kazi tunayoihimiza haina fahari kubwa. Ni ya jembe, mfuko mweusi, upembo, kipimajoto na daftari. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko chini ya kila mwembe, mahali ambapo kila mmoja wetu anaweza kuufikia kesho asubuhi.